Ukurasa Nilioandika kwa Mwandiko wa Mwalimu

Miaka ile ya tisini nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba moja ya Evere, Ubelgiji, na kila Jumamosi alasiri nilikuwa msaidizi wa mwalimu wa kwaya yetu ya watu wa Kivu, katika ukumbi wa parokia huko Anderlecht. Usidhani usaidizi ni cheo. Mwalimu, ambaye sote tulimwita papa, yaani baba, alitunga kwa penseli, na mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Mimi nilinakili kwa wino, sauti zote nne, kisha nikatoa fotokopi. Baada ya miaka sita miandiko yetu ilifanana hata yeye alikuwa akiuliza nani ameandika nini.

Siku moja ndani ya treni ya metro alinisimulia maisha ya mtunzi mmoja wa karne ya kumi na nane. Nawe nikueleze, kwa sababu hofu yangu ilianzia hapo. Mtu huyo alizaliwa katika mji mdogo, baba yake akiwa mwalimu wa shule, akalelewa kwenye monasteri akiimba. Alipokwenda mji mkuu akawa msaidizi wa bwana mkubwa wa muziki: kunakili, kujaza sehemu ndogondogo, kutaniwa mbele za watu. Bwana akafa akiacha misa ya wafu haijaisha. Mjane wake alimpa mtu mwingine kwanza aimalize, naye akazirudisha karatasi. Ndipo msaidizi akaitwa. Aliimaliza, kwa mwandiko uliofanana na wa marehemu. Tangu hapo, kila penye uzuri watu husema ni kazi ya bwana, na penye kasoro husema ni ya msaidizi. Alikufa kabla ya kufika miaka arobaini.

Nilimwonea huruma, nikashuka kituo changu, nikamsahau.

Papa alifariki mwezi wa pili. Alikuwa akitutungia misa, na wimbo wa mwisho ulikatikia katikati ya mstari wa tatu. Mjane wake aliniita nyumbani, akaniwekea chai, akasema wimbo huo lazima uimbwe siku ya kuondoa matanga. Kisha akanishika mkono.

"Umalize, mutoto yangu. Na usiambie mutu. Wajue ni ya papa yote."

Niliogopa kukubali na niliogopa kukataa. Niliandika wiki tatu, kwenye mapumziko ya kazi, karatasi juu ya magoti. Kilichonitisha si ugumu. Ni jinsi mkono ulivyokwenda wenyewe, kana kwamba papa hajafa, na mimi ndiye nisiyekuwepo. Kama watu wangegundua, ningeitwa mwizi wa marehemu. Na kwaya ile ndiyo iliyokuwa jamaa yangu yote Ubelgiji.

Jumamosi nilipogawa karatasi, mvua ilikuwa inapiga madirisha, mjane ameketi nyuma na mkoba wake mapajani. Tuliimba hadi mwisho. Baadhi ya akina mama walilia, wakasema papa alijua anaondoka. Kisha tonton mmoja, yaani mjomba, mzee kuliko wote upande wa besi, sauti nzito, akavaa miwani, akaweka kidole juu ya mstari wa mwisho.

Nieleze kidogo hapo. Nyimbo zote za papa ziliishia kwa Amina ya besi peke yao, wengine wakiwa wamenyamaza. Lakini hakuwahi kuiandika. Aliwaonyesha tu kwa kidole. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiongeza kwenye nakala za wageni waliokuja kuimba nasi, ili wasishtuke. Kwa mazoea hayohayo nilikuwa nimeiandika.

"Papa hakuandikaka hii hata siku moja," tonton alisema taratibu. "Alors, ni nani?"

Nilimtazama mjane. Alikuwa anaangalia mkoba. Nilijua nikisema nitamsaliti, nikinyamaza nitamdanganya tonton aliyeimba na papa tangu Bukavu.

"Ni mimi. Kuanzia katikati ya mstari wa tatu, ni mimi."

Mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu alicheka kwa woga, akakohoa. Tonton akavua miwani na kuifuta kwa shati.

"Bon. Wimbo iko muzuri. Lakini hii mukono ni ya mufu. Uandike tena na mukono yako, tuone yako inafananaka na nini."

Mjane alitoka bila kuniaga.

Nyumbani nilikaa mbele ya karatasi nyeupe, nikagundua sikumbuki nilikuwa naandikaje kabla ya kumjua papa. Nilichana tatu. Ya nne ilikuwa na herufi kubwa, zilizopinda kama za mwanafunzi, nami nikaipeleka hivyohivyo.

Siku ya misa ya kuondoa matanga, mjane aliketi mstari wa mbele. Tulipofika mwisho wa ukurasa wa papa, karatasi zikafunuliwa zote kwa pamoja, na mjane akainua uso kuniangalia. Sikuweza kuusoma uso ule. Nikainua mkono, nikawaongoza wote waingie kwenye ukurasa wangu.