Pai ya Peres Isiyo na Juu

Mimi kungoja siwezi. Marehemu mama aliniimbia haraka haraka haina baraka tangu niko mtoto, lakini wapi!

Jumamosi ile jirani yangu Peres alinigongea mlango asubuhi, anarukaruka. Miaka sita ameosha vyombo kwenye mkahawa wa Madam Komal, kule Kilimani. Sasa mpishi wa keki ameacha kazi, na Madam amemwambia Peres alete pai saa tisa. Ikimpendeza, Jumatatu Peres anaingia jikoni kama mpishi.

"Mama Ivyne, njoo unisaidie!"

Kabla hajamaliza nilikuwa kwake.

Huku kwetu Dagoretti Corner oveni hatuna. Peres alisukuma unga kwa kijiti cha chapati, akautandaza kwenye sufuria ndogo, akapanga maembe yenye sukari na ndimu, akafunika kwa unga mwingine. Sufuria hiyo akaiweka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, juu ya jiko la makaa, kisha kifuniko, na makaa juu ya kifuniko.

"Usiguse," akaniambia, akaenda kuoga.

Woi! Harufu ikanijia, maembe na siagi, mate yakanijaa. Nikasema nichungulie kidogo tu. Nikainua kifuniko, kikainama, majivu yote pwaa juu ya pai!

Haki nililia. Peres alitoka na leso kifuani, akaangalia pai, akaniangalia mimi. Hakunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Akachukua kisu, akabandua unga wote wa juu, polepole. Chini yake maembe yalikuwa safi, yanatokota.

"Twende," akasema. "Na wewe ndiye utabeba."

Kule mkahawani, Madam Komal alikata kipande, akatafuna.

"Peres, mbona pai haina juu?"

Hakuficha. "Nimeoka kwa makaa, Madam. Jirani akafunua kabla ya wakati, majivu yakaingia."

"Kwa makaa?" Madam akakata kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza. "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi uwe jikoni. Oveni iko. Lakini huyo jirani asikanyage hapa!"

Karibu nipige vigelegele. Madam akanigeukia, akanipa kipande kwenye sahani.

"Na wewe dada, ni nani?"

Peres akainama kwa kicheko. Mimi nilisukuma pai yote mdomoni, ili nisiweze kujibu.