Mlima wa Saruji Chumbani kwa Wifi

Mdogo wangu ni fundi ujenzi, na kama kuna binadamu aliyeumbwa bila haraka, ni yeye. Kuta zake hazina ufa hata mmoja. Akishapiga plasta anazifunika magunia, anazimwagia maji asubuhi na jioni, na mwenye nyumba akilalamika kwamba anataka kuhamia, anajibiwa neno moja tu: "Haijashika." Hata uchumba wake ulikwenda hivyo hivyo. Alimzungukia wifi yangu mpaka tukaanza kuona haya sisi ndugu zake, mpaka binti mwenyewe akamuuliza, "We fundi, unanioa au bado unanipima?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Wifi alikuwa mshonaji wa sare za shule. Ugonjwa ulipomlaza, cherehani ilifunikwa shuka, na hospitali ikaturudisha nyumbani na dawa za kupunguza maumivu tu. Mtu mzima anajua maana yake. Nami nikahamia pale kumuuguza.

Wana wao wawili wa kike: mkubwa tunamwita Spika, maana hazimiki, mdogo ni Kifungo, kwa udogo wake. Spika alifundishwa shuleni kutengeneza volkano. Unaweka magadi ya kupikia ndani ya chupa, unamimina siki iliyotiwa rangi nyekundu, povu linafoka juu. Alimsimulia mama yake kitandani, na wifi, ambaye siku hizo hata uji ulikuwa haupiti, akajiinua kwenye mto. "Nitengenezeeni hapa hapa," alisema. "Nataka kuiona ikilipuka."

Watu wengine hutumia udongo, au magazeti na gundi, shughuli ikaisha mchana mmoja. Fundi wetu? Thubutu! Alileta saruji, mchanga uliochekechwa, waya na mwiko wake wa kazini. Alitandika nailoni kando ya kitanda, akasimamisha chupa katikati, akasuka waya kuizunguka utadhani anajenga tangi la maji. Watoto walipakaa saruji mpaka kwenye nyusi. Wifi aliwaelekeza kwa kidole: hapo pachimbeni bonde, hapo moto utapita, na mbona upande ule umenenepa kama shangazi yenu? Shangazi mwenyewe ndiye mimi. Nikamwambia ashukuru ni mgonjwa. Alicheka, akakohoa, akacheka tena. Nilimpenda sana wifi yangu siku ile.

Kazi ilipokwisha, Spika alikuwa tayari na siki mkononi.

"Bado," baba yake alisema. "Haijashika. Tukimimina sasa mlima utapasuka." Akaufunika kwa gunia lililoloa.

Kesho yake ikawa bado. Keshokutwa, bado. Alikuwa akipiga magoti, anaumwagilia maji, anaugonga kwa kidole na kusikiliza. Wifi naye alizidi kwisha, sauti ikabaki ya kunong'ona. Jioni moja akamwita.

"Baba Spika, mimi siyo mwenye nyumba. Hata ukipasuka nitafurahi. Mimina leo."

"Vumilia kidogo, mke wangu. Wiki ijayo mlima utakuwa imara kabisa."

Uvumilivu ulinishinda. Nilimvuta mpaka sebuleni nikamfokea, "Una wazimu wewe? Wiki ijayo ya nani?"

Aliniangalia, macho mekundu. "Dada, si anaungoja ule mlima? Basi ukiwa bado, ataendelea kuungoja."

Ndipo nilipomwelewa. 

Wifi hakungoja. Alifariki alfajiri, kabla mumewe hajaamka kumwagilia.

Wageni walipopungua baada ya mazishi, Spika, ambaye tangu msiba hakuwa ametamka neno, alimletea baba yake ile chupa ya siki.

"Baba, imeshika?"

Mdogo wangu alitoa gunia, akaugonga mlima pande zote. "Imeshika, mama," alimjibu.

Tuliketi chini sote wanne. Kifungo aliweka magadi, dada yake akamimina. Povu jekundu lilipanda, likafurika mdomoni, likateremka kwa njia ile ile aliyoichagua mama yao. Kifungo aliruka akipiga makofi, "Inalipuka! Inalipuka!" kisha akageukia kitandani amwone mama akicheka.

Kitandani zilibaki mbao tupu. Mtoto alizitazama, akautazama mlima, hofu ikamwingia.

"Muiteni basi," alisema. "Muiteni haraka, povu linaisha!"

Baba yake alinyakua magadi yaliyobaki akayatumbukiza yote, akaishika chupa ya siki kwa mikono miwili, akamimina, akamimina tena, upesi upesi, mpaka ikawa tupu.