Kifuniko cha Sanduku la Mama

Karibu na ninapokaa siku hizi kuna fundi wa vyuma, na kila anapokata bati lenye rangi kuukuu kwa grinda, mimi hufunga dirisha. Majirani hudhani nakimbia kelele. Ninachokimbia ni harufu ya rangi inayoungua. Kwangu harufu hiyo haiji peke yake, huja na ubani, ingawa fundi huyo hana ubani wowote pale. Pua yangu ndiyo inayouongeza. Imeuongeza hivyo tangu nilipokuwa na miaka kumi, tukiishi Chechelesi, mtaa wa Isiolo, mwaka ambao Baba alifungua karakana nyumbani.

Baba alikuwa fundi wa kompyuta katika saiba moja ya mjini, mahali watu walipokwenda kuchapisha barua za kuomba kazi. Saiba ilipofungwa alikaa nyumbani wiki mbili akinywa chai na kutuudhi, kisha asubuhi moja akaamka na wazo. Kompyuta za Isiolo, alisema, haziuawi na uzee, zinauawa na vumbi. Makasha ya kompyuta yanayotoka kiwandani yametengenezewa watu wanaoishi juu ya zulia. Yeye angetengeneza makasha ya hapa kwetu, ya chuma kizito, yenye kitambaa cha kuchuja vumbi kwenye matundu ya hewa, kila moja kwa kipimo cha mwenyewe, vile fundi cherehani anavyompima mtu suti. Niwaambieni ukweli, lilikuwa wazo zuri. Nimelitafutia kosa miaka hii yote kwa sababu ningependa sana kulipata.

Banda la nyuma lilikuwa jiko la Mama. Alikuwa akifukizia humo vibuyu vya maziwa aliyouza sokoni. Baba alipolitaka, Mama alihamishia moto wake uani. Mlango wa zamani ukawa meza, jiriwa ya kubania vyuma ikafungwa pembeni kwa boliti, ukuta ukapakwa chokaa. Kisha Baba akatundika vyombo vyake, mkasi wa bati, tupa tatu, drili, msumeno wa chuma, na akachora kwa rangi nyeusi umbo la kila chombo pale kiliponing'inia, ili kikitoka ionekane kimetoka. "Kila kitu na mahali yake," alikuwa akisema. Kazi yangu ilikuwa kukagua ukuta ule kila jioni, na nilitembea mbele yake mikono nyuma, askari kamili. Mdogo wangu Adan alipigwa marufuku siku ya kwanza, baada ya kubana nyanya kwenye jiriwa aone itakuwaje.

Mteja wa kwanza alikuwa mtu wa studio ya picha za harusi. Alitaka kasha lenye kioo ubavuni ili maharusi waone taa zikimetameta ndani, na alilitaka kabla ya Ijumaa. Baba alijaribu kwanza kwa bati la paa. Lilikuwa jembamba mno. Feni zilipowashwa, kasha zima lilitetemeka na kupiga kelele mpaka kuku wakakimbia uani, na sisi tukacheka hadi Baba naye akacheka. Lakini chuma kizito cha ukubwa ule hakikupatikana mjini, na siku zilikuwa zinakwisha. Nilimwona akizunguka nyumba nzima akigonga vitu kwa ukucha.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu sanduku. Lilikaa chini ya kitanda cha Mama, la chuma kinene, la kijani. Alipewa na mama yake siku alipoolewa. Ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa uzi, ndani ya nguo, na alipolifungua alifunga kwanza mlango wa chumba, sisi tukabaki nje tukinusa ubani uliopenya chini ya mlango. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa chetu. Sanduku peke yake lilikuwa lake.

Wiki hiyo Mama aliitwa msibani kwao, Garba Tulla. Dawa ya kifua ya mdogo wetu Kaltuma ilikuwa imefungiwa mle sandukuni, mbali na mikono ya Adan, kwa hiyo alinivalisha mimi ule ufunguo.

"Ukishatoa dawa, funga. Usipatie mtu hii ufunguo, hata babako. Umeskia?"

"Nimeskia, Mama."

Jumatano Baba aliniita. Hakunifokea. Alipiga magoti kando ya kitanda akalipapasa lile sanduku.

"Mama," alisema, kwani aliniita hivyo akiwa na furaha, "hii ndio chuma nimekuwa nikitafuta. Lete ufunguo. Leo utashika drili wewe mwenyewe."

Nikamwambia Mama amekataza.

"Mama yako nitamnunulia ingine, kubwa kushinda hii. Na si ni yetu sisi wote?"

Ningependa kuwaambia kwamba alininyang'anya. Hakuninyang'anya. Nilitaka kushika drili, nikavua uzi shingoni nikampa.

Vitu vilivyokuwemo nilivitoa mimi mwenyewe: dira mbili, zile nguo zake pana, shash ya kujifunga kichwani, picha chache, cheti chake cha darasa la nane, mkebe wa ubani. Nilivikunja vizuri nikavitia kwenye gunia la unga. Kisha grinda ikaguguna lile bati, moshi ukajaa bandani, na ubani wa miaka yote ile ukaungua pamoja na rangi.

Kifuniko ndicho kilichokuwa bati zuri kuliko yote. Upande wa ndani palikuwa na majina manne, yamekwaruzwa kwa ncha ya msumari, moja chini ya jingine: Halima, Hassan, Adan, Kaltuma. Halima ni mimi. Hassan sikumjua. Nikadhani ndiye fundi aliyelitengeneza sanduku akaamua kujiandika katikati yetu, na nikamwona mtu mwenye madaha. Baba alikuwa amenipa mgongo, akipima.

"Sugua hiyo ikue laini," alisema, "rangi ishike."

Nikachukua msasa. Nikaanza na Hassan, kwa sababu sikumjua.

Kasha lilitoka zuri, la buluu, zito, halikutetemeka hata kidogo. Mwenye studio alilisifu mpaka barabarani. Mama alirudi Jumamosi, akasema salaam aleikum mlangoni, akaingia chumbani, kisha akatoka.

"Sanduku iko wapi?"

Baba alimweleza kwa furaha yake yote. Nguo ziko kwa gunia, safi kabisa, Halima amezikunja. Atamnunulia ingine.

"Na kifuniko?"

"Kifuniko ndio imetoka mzuri kushinda zote!"

Mama alikuja akanivua ule uzi shingoni, kwani Baba alikuwa amenirudishia ufunguo usio na cha kufungua. Nilifumba macho nikingoja kofi. Kofi halikuja, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akimtania Baba. Alimpikia, alimjibu akiulizwa, basi.

Yalitengenezwa makasha mengine matatu, halafu watu wakaanza kununua kompyuta za kubeba mkononi na karakana ikafa. Vyombo viliuzwa kimoja kimoja. Maumbo yake meusi bado yako ukutani, na Mama huegemeza hapo mitungi yake. Sanduku jingine Baba hakununua.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Mama alikuja kuniangalia. Siku moja alikuwa akimwogesha, mtoto akirusha miguu, nikamsikia akisema, "Hassan, tulia." Mwanangu haitwi Hassan. Nikamuuliza Hassan ni nani.

"Huyo alikufuata wewe," alisema, mikono ikiendelea na maji. "Alikaa wiki sita tu. Tulikuwa tumehama na ng'ombe, hata kaburi yake siwezi kujua iko wapi. Hakukuwa na cheti, hakukuwa na picha. Niliandika jina yake kwa sanduku. Babako akaisugua."

Nilikuwa nimeshika taulo. Nilimpa taulo. Hadi leo sijamwambia kwamba aliyesugua ni mimi. Baba huketi uani na redio yake, na katika miaka yote ambayo Mama amemnunia hajawahi kumwambia ni nani aliyeshika msasa. Sijui kama amesahau au ananisitiri. Naogopa kumuuliza, kwa sababu kama ananisitiri nitashindwa kumchukia, na nikishindwa kumchukia yeye nitabaki na mimi mwenyewe.

Mwaka jana nilimpelekea Mama sanduku la chuma, kubwa, la kijani, lenye kufuli. Alinishukuru, akalisukuma chini ya kitanda, akapanga nguo zake humo. Nilipokuwa nikiondoka niliuona ufunguo umetundikwa kwenye msumari kando ya mlango, mahali kila mtu anapopita.

"Hulifungi, Mama?"

Alikuwa akimimina maziwa kwenye mtungi, hakuinua macho.

"Nifunge nini?"