Kioo cha Kumzidi Blandina

Haya nitakayosimulia hayataaminiwa na mtu yeyote kuanzia kijiji cha Bendera mpaka Ziwa Jipe, nami sijali, maana shahidi ninaye. Tena shahidi mwenyewe ndiye anayechapa. Mimi na shule tuliachana mapema, kila mmoja akiwa amemchoka mwenzake, kwa hiyo mpwa wangu Fortunata amekaa mbele ya laptopu yake, mjomba anasema, yeye anabonyeza. Sharti ni moja tu: nikisema wivu, aandike wivu. Asije akaandika masikitiko.

Basi. Fortunata ana studio ya picha hapa Same mjini. Harusi, ubatizo, pasipoti, picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza, zote anapiga, anarekebisha kwenye laptopu, anasafisha. Laptopu hiyo aliinunua ikiwa tayari imeshatumika na mwalimu, na mwalimu naye hakuwa wa kwanza. Bawaba ya upande mmoja imefungwa kwa waya. Kioo kilikuwa kimezeeka hadi kikageuka manjano. Ukiiwasha asubuhi, unateleka makande, unayaonja, unarudishia chumvi, ndipo inakuuliza neno la siri.

Alikuwa ameshaizoea, mpaka Blandina alipofungua studio ng'ambo ya barabara.

Blandina ni mtu wa Usangi; yeye na Fortunata walijifunza kazi kwa bwana mmoja, wakala sahani moja. Sasa amerudi na laptopu mpya, nyembamba kama trei ya chai. Kuanzia siku hiyo Fortunata aligeuza kiti chake kikatazama barabara. Anayeingia kwa Blandina alimjua, na aliyetoka akicheka alimjua zaidi. Blandina akifagia mlangoni, Fortunata aliona maringo. Asipofagia, aliona dharau. Huo ni wivu. Nimesikia vidole vimesita hapo, andika, mama.

Na kulikuwa na jambo lililomkosesha raha. Wateja walikuwa wanalalamika. Mama mmoja alikuja na picha ya mwanawe aliyebarikiwa kipaimara.

"Fortu, huyu mtoto nilimpaka mafuta kwa mkono wangu. Mbona amepauka hivi?"

"Upepo wa Same huo, mama. Unakausha mafuta hata kabla hujafunika kopo."

Nani atabisha? Upepo wa Same tunaujua wote, midomo yetu ni ushahidi. Miaka nenda rudi upepo ulibeba lawama, mpaka aliposhuka Mama Dorkas, mzee wa kanisa kutoka huko mlimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Binti, kule kwetu ni ukungu, nguo hazikauki. Huo upepo wako ulipandaje kuja kuwapausha watoto wetu wa kipaimara?"

Kabla Fortunata hajatafuta kisingizio kingine, Mama Dorkas akaendelea: kamati ya kipaimara imechoka. Mwaka huu yeye mwenyewe atapigwa picha na Fortunata, kisha na Blandina. Itakayofanana naye, mwenye picha hiyo ndiye atakayepewa kazi ya picha za kipaimara. Na kipaimara cha usharika ule ndicho kinachoifanya studio ya Fortunata ipitishe mwaka. Akikikosa, arudi mlimani akalime tangawizi.

Mama huyo alipoondoka, Fortunata akachukua flashi yake ya kubebea picha akavuka barabara.

"Mwenzangu, printa yangu imegoma. Nisaidie."

Printa yake ilikuwa nzima kama mimi. Alitaka kuona. Akaona: kwenye kioo cha Blandina, king'avu kama maji ya chemchemi, alikuwamo bibi harusi mmoja wa kijiji cha Mwembe. Bibi harusi aliyepigwa picha na yeye Fortunata.

"Waliniomba nimwongezee mafuta kidogo," Blandina akasema kwa upole. Ule upole ulimchoma kuliko tusi. Fortunata akacheka kwa meno peke yake, akaondoka bila kuchapisha kitu.

Mchana huo huo laptopu ikawa mezani kwa fundi Abdulmalik, karibu na stendi.

"Nataka kioo cha kumzidi Blandina."

"Dada, nina kioo cha inchi kumi na tano. Cha kumzidi mtu sijaletewa bado."

Alikuwa na laptopu ya ofisa mmoja iliyomwagikiwa chai. Ubao wake wa ndani ulikufa, lakini kioo kilibaki kizima, kioo cha kisasa, rangi hazibadiliki hata ukitazama kwa upande. Akapima kiunganishi, kikakubali. Akamwongezea RAM, akang'oa diski ya zamani iliyokuwa inakoroma, akaweka SSD.

"Sasa betri. Hii imekufa. Umeme ukikatika, mashine inazimika hapo hapo."

"Betri acha."

"Kwa nini, dada?"

"Blandina haioni betri."

Mashine iliporudi studio iliwaka kabla hajavuta kiti vizuri. Akafungua picha zake za harusi, akaganda. Watu wote walikuwa wamepauka. Maharusi, wapambe, mpaka mchungaji, rangi ya majivu yenye bluu, kama walioshinda wakipakua saruji. Akaikumbatia laptopu, mbio mpaka kwa Abdulmalik.

"Umeniwekea kioo kibovu. Kimewapausha wateja wangu."

Abdulmalik akakunja mkono wa shati. Akapiga picha mkono wake kwa simu, akaihamishia kwenye laptopu, akauweka mkono kando ya kioo. Mkono na picha, rangi moja.

Fortunata akakaa kwenye benchi la wateja. Pole pole akaelewa. Kile kioo cha zamani kilimpaka kila mtu manjano, naye kila siku alikuwa akimimina bluu kuondoa manjano ambayo aliyaona yeye peke yake. Sasa kuta za sebule za Upare nzima zimejaa watu aliowafuta mafuta. Upepo wa watu haukuwa na kosa. Na alivyotafuta kosa la Blandina katika jambo hili, hata dogo la kushikia, hakulipata. Hilo ndilo lililomtia machozi.

Alipompiga picha Mama Dorkas, hakuirekebisha sana. Aliacha weusi wake, mikunjo yake, na kile kidoa kando ya pua.

Kamati ikaziweka picha mbili mezani. Ya Blandina ilikuwa laini, uso umenyooshwa kama shuka, kidoa hakipo. Mama Dorkas akaisogeza karibu na macho.

"Huyu binti ni mzuri. Ni wa ukoo gani?"

Akaichukua ya Fortunata.

"Huyu namfahamu. Huyu anaumwa magoti."

Kipaimara kikabaki kwa Fortunata.

Sasa hapa ndipo hamtaniamini. Haukupita muda, Blandina akavuka barabara, flashi mkononi. "Mwenzangu," akasema, "printa yangu imegoma." Printa gani. Macho yalikuwa kwenye laptopu. Fortunata, siku aliyoiota imefika, akakigeuza kioo taratibu kimwelekee. Kikawaka. Mwanga ukatoka dirishani, ukapanda milima, kuku wa Usangi wakashuka viotani wakidhani kumekucha, wavuvi wa Jipe wakakunja nyavu, na Blandina akapiga magoti hapo hapo sakafuni, machozi yanamtoka, akasema, Fortunata, tangu nizaliwe sijawahi kuona kioo kama…

"Mjomba, hapo siandiki. Umeme ulikatika Blandina akiwa bado mlangoni, na betri sikununua. Hakuona kitu."