Maji ya Kuoshea Chawa

Sikuzaliwa mwepesi wa kuamini. Mama yangu, huko kwetu Bondei, alinifundisha kuionja chumvi ya dukani kabla ya kuilipia, na mume wangu alinichumbia muda mrefu kabla sijakubali kwamba hana mke mwingine Korogwe. Yeye alikuwa kinyume changu. Ukimwambia mvua inakuja, anaanua nguo bila kutazama juu. Alikuwa mwalimu na katekista: siku za wiki anafundisha hesabu, Jumapili anaongoza ibada. Na kila alilolifanya, hata kuchonga kalamu, alilifanya huku midomo ikicheza, anaomba kimoyomoyo.

Miaka ile ya hamsini kanisa lilitutuma kijiji kimoja cha pwani, kaskazini ya Tanga. Wenyeji walikuwa Waislamu watupu; Wakristo ni sisi na familia chache za wafanyakazi wa mkonge. Shule ilikuwa chumba kimoja cha udongo, na Jumapili chumba hichohicho kikawa kanisa. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Wazazi hawakukubali mabinti zao waje kwangu kujifunza kusoma na kushona mpaka mume wangu alipoahidi mbele ya jumbe, mkuu wa kijiji, kwamba hakuna mtoto atakayebatizwa. Basi wasichana wakaja, wamejitanda kanga, na nyuma ya kila mmoja yalikuja macho ya mama yake.

Macho makali kuliko yote yalikuwa ya jirani yetu. Nyumba zetu zilitazamana. Yeye alikaa barazani akisuka ukili. Mikono kazini, macho kwangu. Nilipofunga dirisha, alihamishia mkeka wake pale anapouona mlango. Tulisalimiana kwa maneno matamu, tukaulizana hali za watoto na za kuku, na hakuna aliyemwamini mwenzake hata kidogo. Lakini binti yake ndiye aliyekuwa na akili kupita wote, na kwa ajili ya binti huyo nilimvumilia.

Mwaka wa pili chawa wakaingia darasani. Wasichana walijikuna mpaka sindano zikawaponyoka. Nikaweka pipa la maji uani, nikatoa sabuni ya mche, nikawapanga mstari. Kila mmoja nilimsugua kichwa, nikamwita kwa jina lake, kisha nikammwagia maji kwa kata mara tatu ili povu liishe. Mume wangu alisimama kando na daftari la mahudhurio, lenye jalada jeusi, akitia alama kila aliyemaliza. Zilikuwa siku chache kabla ya Pasaka, wakati ambapo makanisa yetu ya Bondei hubatiza. Hilo halikunijia akilini. Kichwa changu kilikuwa kwenye chawa.

Kesho yake darasa lilikuwa tupu. Hata wavulana wengi hawakuja. Nikajua ni jirani tu. Nani mwingine aliyekuwa na nafasi ya kukaa akatazama? Nikavuka uwanja na hasira zangu. Hakukana. Alisema alichokiona: maji kichwani mara tatu, jina la mtoto, kitabu cheusi, kama wabatizavyo Wakristo.

“Na mumeo, bibi,” akasema taratibu, “midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akisema nini?”

Nilirudi nyumbani nimekasirika, lakini swali lile nililibeba. Kwa kuwa hata mimi niliiona ile midomo. Na nilikumbuka kwamba juma lililopita, tukiwa tunakula, alisema wasichana hawa ni mavuno yaliyokwisha kuiva, inauma kuyaacha shambani. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimtazama akikoroga uji wake, nikashindwa kumuuliza, kwa maana nilihofia jibu lolote atakalonipa.

Jumbe akaitisha kikao palepale shuleni. Wanaume walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Wanawake walisimama mlangoni, jirani yangu mbele. Ilikuwa wazi kwamba jambo likienda vibaya shule itafungwa na sisi tutarudi Bondei. Maalimu wa chuo cha Kurani, mtu mpole, hakutaka maneno mengi. Alimwomba mume wangu ashike Biblia yake, iliyokuwa mezani, aape kwamba hakubatiza mtoto.

Mume wangu akakataa. Akasema hakubatiza, lakini kuapa Bwana wake amemkataza. Hapana yake ni hapana. Manung'uniko yakapita chumbani. Kwa watu wale, mtu safi huapa akaenda zake kula. Anayesitasita ana jambo tumboni.

Mimi nilijua angekataa hata kama hana kosa. Nilijua pia jinsi kukataa huko kunavyomfaa mwenye kosa. Nikainuka, nikaichukua ile Biblia mezani, nikaishika kwa mikono miwili.

“Aliyemwaga maji ni mimi,” nikasema. “Naapa kwa Mungu, kinywa changu hakikutoa neno ila majina ya watoto hawa.”

Maalimu akawageukia wazazi. Kisha akasema kwamba, ajuavyo yeye mambo ya Wakristo, amwagaye maji ndiye asemaye. Kama mwagaji hakusema, basi yalikuwa maji ya kuoshea chawa. Jumbe akaridhika. Madawati yakaanza kulia watu wakiinuka.

Pale mlangoni jirani yangu hakusogea. “Umeapia kinywa chako, bibi,” akaniambia. “Cha mumeo hukukiapia.”

Hakusema kwa sauti kubwa. Wanaume walikuwa wakisalimiana, sidhani kama kuna aliyesikia, ila mimi na mume wangu.

Wasichana walirudi, binti wa jirani akitangulia, mama mtu akimfuata na mkeka na ukili wake mpaka mlangoni pa darasa. Nyumbani mume wangu hakunigombeza kwa kuapa, nami nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Siku ya pili, akifunga kamba za viatu, alisema bila kuinua kichwa, “Ungeniapia na mimi, ningekukaripia. Lakini ningefurahi.”

Kama alikuwa akisali tu siku ile, au akisema yale maneno ya ubatizo, mpaka leo sijui, na sioni haya kusema sijui. Tulifundisha pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukalea, tukazika. Alinipenda, nami nilimpenda. Ila kila nilipommiminia maji anawe mikono kabla ya chakula, alifunga midomo yake kabisa, akinitazama. Alingoja mpaka niweke birika chini, ndipo akafungua kinywa kumshukuru Mungu.