Jiwe Dogo la Mizani ya Barua

Mume wangu alikuwa karani wa posta pale Same enzi za Mwingereza, na ugonjwa wake ulikuwa mizani za barua. Si hizi za kupimia mahindi. Nasema zile ndogo za mezani zilizoachwa na Wajerumani na walowezi waliorudi kwao: hii ina majani yaliyochongwa kwenye shaba, ile ina sahani iliyochorwa maua ya buluu. Akipata moja, alipanda nayo mlimani hadi nyumbani kwetu Myamba, kaiviringisha ndani ya koti kama mtoto mchanga. Mimi nilizisugua kwa jivu na ndimu. Nilikuwa namwambia, "Bwana, umeoa mizani, mimi ni mke wa pili." Alicheka. Hatukujaliwa mtoto, basi nikamwacha na vyuma vyake.

Ile ya maua ya buluu aliipenda kuliko zote, nayo ilikuwa na kasoro. Mawe yake yalikaa katika vishimo kwenye ubao, na kishimo cha jiwe la robo wakia kilikuwa kitupu. Alijaribu kokoto, alijaribu kifungo cha koti. Wapi! Siku moja akanitazama mkono. Pete yangu ya ndoa ilikuwa ya shaba, kazi ya fundi wa kwetu Ngujini, maana mimi ni Mgweno niliyeolewa huku kusini mwa milima. Chasu, lugha yake, na Kigweno changu vilikutana kwenye Kiswahili. Akaipeleka posta, akaipima kwa jiwe la serikali, ikalingana. Alirudi machozi yanamlengalenga, mtu mzima yule.

"Kumbe nilichokuwa nakitafuta unacho wewe," akasema.

Nikamwachia. Mawifi wakanisema kanisani kwamba natembea kidole kitupu kama sina mwenyewe. Niliwaacha waseme.

Kisha homa ikamchukua. Sitaieleza homa ile.

Siku ya kuanua matanga, shemeji mkubwa alitandika mkeka uani, akazipanga mizani zote ili watu wa ukoo wagawane. Sikupinga, ndiyo iliyokuwa desturi. Nilisema tu, "Shemeji, naomba pete yangu. Imo kwenye ile ya maua."

Akaichukua, akaigeuzageuza. Hakuwa mjinga yule.

"Kama hii ni pete," alisema taratibu, "basi wewe bado ni mke wa ukoo huu, na mke wa ukoo hakai peke yake. Mdogo wangu yupo, atakurithi. Na kama ni jiwe la mizani, ni mali ya marehemu, itagawiwa, nawe uende unakotaka. Sema mwenyewe ni nini."

Mdogo wake, aliyekuwa na mke wake tayari, alitazama chini. Mzee wa kanisa akakohoa tu. Hasira ilinipanda. Pete ile nilivishwa mbele ya madhabahu, na mwanamume aliyenivisha alikuwa hajamaliza hata mwezi kaburini.

"Ni jiwe la mizani," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia ili wote wasikie. "Ni jiwe. Gaweni."

Nikateremka Same, nikapanga chumba, nikauza uji sokoni. Akufukuzaye hakwambii toka, lakini mimi niliambiwa.

Mwaka mwingine niliingia dukani kwa Mhindi mmoja kununua chumvi, nikaiona mezani ile ya maua ya buluu. Shemeji alikwisha kuiuza. Pete ilikuwa kwenye kishimo chake, imeingia kutu ya kijani. Nikauliza bei ya mizani.

"Haiuzwi, mama. Inanipimia viungo."

Nilisimama pale, chumvi mkononi. Pete yenyewe sikuweza kuidai. Nilikwisha kuikana mbele ya watu.

"Basi nipimie iliki," nikamwambia. "Robo wakia."

Akaitoa pete kwenye kishimo, akaiweka upande wake, akamimina iliki upande wa pili, punje kwa punje, hadi sahani zikakaa sawa.

Tangu siku ile, kila siku ya gulio nilikwenda kununua iliki. Yule Mhindi aliamini mimi ni mpishi wa pilau, akawa ananisifia kwa wateja. Nami chai yangu nakunywa bila iliki; sijawahi kuipenda.