Matuta ya Kwaya Yetu

Mara ya kwanza nilipoambiwa nilipe ili niendeshe baiskeli msituni, niligoma palepale getini. Aliyenipeleka ni mteja wangu, binti wa Morningside, mtaa wa kitajiri hapa Durban, ninayemsuka nywele katika saluni ya mjini ninapofanya kazi. Ana baiskeli mbili za milimani na mdomo usiochoka. Kwa miezi mingi, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, alinisimulia vijia vinavyopita kwenye vilima vya juu ya Pinetown, jinsi vinavyopinda, jinsi vinavyoshuka, mpaka nikamwambia basi nipeleke, labda utanyamaza.

Getini palikuwa na kibanda, na kwenye kibanda alisimama mwanamke wa Kizulu wa rika langu, buti za mpira miguuni na mkasi wa kukatia matawi kiunoni. Ndiye msimamizi wa njia zote za pale. Alinionyesha ubao wa bei. Kulikuwa na tiketi ya siku, na kulikuwa na kibali cha mwaka, kibao kidogo cha plastiki kinachofungwa mbele ya usukani ili kila mtu akione.

"Four hundred rand kwa ajili ya kuangalia miti?" nikamuuliza. "Kwani huu msitu aliupanda nani?"

"Msitu sikuupanda," akasema kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kizulu. "Njia ndiyo nimeichimba."

Mteja wangu alinilipia tiketi ya siku harakaharaka, kwa sababu nyuma yetu foleni ilikuwa imeanza kukohoa. Niliingia nimenuna. Mimi ni mtu wa Bukavu, nimekulia kwenye vilima, na kwetu kilima unakipanda na kukishuka bure, malipo yake ni magoti tu. Nilijiambia nitazunguka mara moja, nirudi nyumbani Cato Manor, nisikanyage tena.

Kona ya tatu ndiyo iliyoniharibu. Kijia kiliingia chini ya miti, kikainama kushoto, na ukingo wa nje ulikuwa umeinuliwa kwa udongo kama sinia, hivyo baiskeli ililala yenyewe na kunizungusha bila mimi kufanya lolote. Nilitokea upande wa pili nikiwa ninacheka peke yangu. Sijui nilicheka nini. Mgongo wangu unaouma kutwa kwa kusimama nyuma ya viti vya wateja ulikuwa umenyamaza kabisa, na upepo ulikuwa unaingia mpaka kwenye meno. Nilizunguka mara ya pili, nikazunguka tena, mteja wangu akaketi kwenye gogo kunisubiri na kula ndizi.

Kwa juu, mahali ambapo njia inagawanyika, kulikuwa na kamba ya njano. Nyuma ya kamba kile kijia kiliendelea kupanda, kikapotea kwenye nyasi ndefu. Mteja wangu alisema huko juu ndiko kwenye mteremko bora kuliko yote, na kwamba umefungwa tangu mvua za mwaka uliopita. Nilisimama pale nimeshika kamba mkononi. Nilitaka kushuka mteremko ule kama mtoto anavyotaka kitu kilichowekwa juu ya kabati.

Wakati wa kutoka nilimfuata msimamizi, mara hii kwa adabu kidogo, nikamuuliza juu ya kamba. Akanipeleka nyuma ya kibanda akanionyesha fedha ya vibali inakokwenda. Mashine ya kukata nyasi ilikuwa imelala ubavu, imekufa. Kulikuwa na mbao za daraja ambazo kila baada ya mafuriko hubebwa na kijito, na rundo la mimea mibaya yenye miiba ambayo ukiikata leo wiki ijayo imerudi. Kulikuwa na vijana wawili wa kulipwa. Kinachobaki, alisema, kinatosha njia za chini tu.

"Na huko juu?"

"Huko juu chini yake kuna shamba la miwa," alisema. "Mwenye shamba ndiye mwenye ardhi. Ametuachia tupite. Lakini mvua ile ilishusha matope kutoka kwenye njia mpaka kwenye miwa yake. Amesema ikitokea tena mara moja, anafunga kwa fensi, na haifunguliwi."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Njia ya juu ilitakiwa itengenezwe kabla ya mvua, na mikono ya kuitengeneza haikuwepo. Akaniambia pia kwamba yeyote anayekuja kufanya kazi Jumamosi moja anapewa kibali cha mwaka bila kulipa. Nilimwuliza kama anaweza kupokea watu thelathini. Alinitazama kuona kama ninamtania.

Hapa inabidi nieleze salongo. Kwetu Kongo salongo ni asubuhi ambayo mtaa mzima unatoka na majembe na mafagio kusafisha barabara na kuzibua mifereji, na hakuna anayefungua duka mpaka kazi iishe. Nikiwa mdogo niliichukia kwa moyo wote. Lakini Durban, sisi wa kwaya ya kanisa letu tunafanya salongo ya kanisa kila mara, na lazima niseme ukweli, tunaipenda kupita kiasi. Tunafagia ua mpaka ardhi inabaki na mistari ya fagio kama nywele zilizochanwa. Hatuoni kuwa tumemaliza mpaka pawe tambarare, pawe peupe, pasibaki hata jani.

Mkuu wa kwaya yetu tunamwita mama prezidenti. Ni mama mzito, anauza vitenge mjini, na hajawahi kupenda habari zangu za baiskeli. Nilipomweleza alinikata jicho.

"Mwanamuke mwenye watoto, juu ya kinga, mu pori," alisema. Kinga ndiyo baiskeli kwetu. "Na sasa unataka na sisi tuende?"

"Mama, iko kazi ya salongo. Na kuko kivuli, kuko mto. Tutapeleka chakula. Wakikupa kile kibao, utaingia hata kwa miguu, mwaka muzima."

Alifikiri. Watu wetu wengi wanaishi vyumba vya ghorofani mjini, na mahali pa kukaa chini ya mti bila kufukuzwa hawana.

"Sombe nani atapika?" akauliza. Sombe ni kisamvu, na hapo nikajua nimeshinda.

Tulikodi taxi mbili, zile basi ndogo za abiria za huku, tukapanda mpaka Pinetown na kuipita, majembe yakiwa chini ya viti na sufuria ya sombe ikiwa mapajani mwa mwimbaji wa sauti ya pili. Msimamizi alitoka kibandani akatuhesabu mara mbili. Nilivimba kichwa, sikatai. Akatugawa. Wanaume walichukua mbao kwenda kutengeneza daraja chini, nami nikaenda nao kwa sababu nilitaka kuonyesha nguvu. Akina mama walipelekwa juu. Msimamizi aliwaambia wakate nyasi, waondoe mawe yaliyoanguka, njia ionekane, kisha akashuka nasi darajani.

Tulipigilia misumari huku tukisikia nyimbo kutoka juu. Zilikuwa nyimbo za furaha, na zilikuwa zinasogea haraka. Msimamizi alisema hajawahi kuona kikosi kinachofanya kazi hivyo. Nikamwambia, ngoja uone.

Mchana mimi na msimamizi tulipanda kuona. Njia ilikuwa inang'aa. Nyasi zilikuwa zimekatwa pande zote mbili kwa usawa, mawe yalikuwa yamepangwa kandokando kama kwenye njia ya kuingilia kanisani, na katikati ardhi ilikuwa tambarare kabisa, imefagiwa, ina mistari ya fagio kutoka juu mpaka chini. Mama prezidenti alisimama juu kabisa, jembe begani, akitusubiri tumsifu.

Msimamizi alikaa chini, pale pale kwenye udongo.

"Matuta," alisema. "Matuta yangu yako wapi?"

Yalikuwa yamesawazishwa yote. Na kona zilizoinuliwa, kama ile ya njia ya chini iliyonifanya nicheke peke yangu, zilikuwa zimechongwa zikawa sawa. Kwa macho ya salongo yalikuwa ni uchafu, udongo uliojikusanya kwa kukosa mtu wa kufagia. Msimamizi hakufikiria kuwakataza, kama vile mimi nisivyofikiria kumwambia mteja asinyoe nywele nilizomaliza kumsuka.

Akanieleza kwa sauti ndogo, nami nikawatafsiria. Tuta linakaa mshazari ili maji yakifika yatupwe pembeni kwenye nyasi. Bila matuta maji yanashuka na njia yote, yanachimba, yanabeba udongo. Na yale mawe tuliyopanga kandokando sasa yatayazuia yasitoke. Tulikuwa tumejenga mfereji safi sana, na mdomo wake ulikuwa unaelekea kwenye miwa.

Wote tuligeuka kutazama kusini. Mawingu yalikuwa yamekaa huko, meusi, na yalikuwa hayakai tena, yalikuwa yanakuja.

Nilitaka kulia. Nilikuwa nimekiona kile kijia mara moja tu, kutoka nyuma ya kamba, na sasa nilikuwa nimeleta watu thelathini kukiua kwa mafagio.

Mama prezidenti alishika kiuno. "Kumbe iko ya kukataza maji?"

"Ndiyo, mama."

"Juu ya nini hamukusema? Sisi tumelima ku milima maisha yote. Tuta ya kukataza maji, nani haijue hapa?" Akawageukia wenzake. "Mafagio chini. Mushike majembe. Hakuna kula."

Sijawahi kuona kitu kama kile. Yale mawe yaliondolewa kwa mikono, yakapita kutoka kwa mtu hadi mtu. Wanaume walikuja mbio kutoka darajani. Msimamizi alikimbia mbele akichora mstari kwa kisigino mahali kila tuta lilipokuwa, na nyuma yake majembe yaliinuka na kushuka pamoja, kwa wimbo, udongo ukakusanywa, ukakanyagwa kwa miguu ya kwaya nzima ikicheza juu yake mpaka ukashikana. Nilikanyaga mpaka viatu vikajaa. Sufuria ya sombe ilikaa chini ya mti imefunikwa, hakuna aliyeiangalia.

Shida ilikuwa moja. Akina mama wale walijenga matuta ya kwetu Kivu, ya kuzuia mlima mzima usishuke. Yalikuwa marefu kwenda juu karibu mara mbili ya yale ya kwanza. Msimamizi alinong'ona kwamba hayo si ya baiskeli, lakini tone la kwanza lilikuwa limeshaangukia pua yake.

Hatukukimbia. Tulisimama mvuani, wote, tukitazama udongo. Maji yalianza kidogo, yakajikusanya, yakaanza kushuka. Yalifika kwenye tuta la kwanza yakasimama, yakapanda kifuani mwake. Halafu yakageuka, yakatoka pembeni, yakaingia kwenye nyasi. Yaliyobaki yakafika tuta la pili, nalo likayageuza. Mwimbaji wa sauti ya kwanza akaanza kuimba taratibu, na kila tuta liliposhika, sauti nyingine ikaingia, mpaka wote tulikuwa tunaimba, tumelowa chapachapa, na msimamizi alikuwa anaimba pia, maneno asiyoyajua.

Mvua ilipopungua, mwenye shamba alifika na pikapu yake. Alikuwa mzee wa Kihindi, mfupi, hana salamu nyingi. Aliingia kwenye miwa akatembea mstari wa juu wote, akiinama, akitazama mizizi. Tulimsubiri kando ya pikapu. Alirudi akafuta buti zake kwenye nyasi, na buti zenyewe hazikuwa na matope ya kufutwa.

"Sharp," alimwambia msimamizi, kama huku wanavyosema sawa. "Toeni kamba."

Ndipo tukala sombe, imepoa, tamu kuliko sombe zote nilizowahi kula.

Jumamosi iliyofuata msimamizi alinipa heshima ya kushuka wa kwanza. Mteja wangu aliniazima baiskeli yake nzuri, na kile kibao cha plastiki kilikuwa kimefungwa kwenye usukani, cha kwangu, cha mwaka mzima. Nilipanda juu. Nikaachia.

Kona, ambazo msimamizi na vijana wake walikuwa wameziinua upya wiki ile, zilinibeba, moja, nyingine, miti ikawa kijani kinachokimbia. Kisha nikaliona tuta kubwa kuliko yote, na kando yake mtu. Mama prezidenti alikuwa amepanda mpaka pale kwa miguu, na kitenge cha Jumapili, kibao chake cha plastiki kimening'inia shingoni kwa utepe mwekundu. Hajui kuendesha baiskeli. Alikuja kulilinda tuta lake.

Vidole vyangu vilikwenda kwenye breki vyenyewe. Lilikuwa refu mno, nilikuwa ninakwenda kasi mno, na nina watoto.

"Usifunge freni," alisema, bila hata kupaza sauti. "Nilikanyaga mimi. Itakushika."

Nikafungua vidole.